Kama unauza sauna ya nyumbani, kazi inaanza mteja akishalipa



Leo naongea na wale mnaouza sauna za kukunja, zile za hema zenye mashine ya mvuke pembeni. Na wewe ambaye huuzi sauna, ila unauza kitu chochote cha kuchomeka kwenye umeme, usipite. Haya yanakuhusu.

Mtazamo wangu ni huu. Sauna nyingi ninazoona zimerudishwa kwa wauzaji, au zimesukumwa uvunguni mwa kitanda, ni nzima kabisa. Kilichokosekana ni mtu wa kumwambia mteja aisimamishe wapi, aweke maji gani, aikaushe vipi. Na mtu huyo ni wewe uliyepokea hela yake. Kama huna muda wa kumfundisha, bidhaa hii iache. Uza vikombe, uza mashuka, kuna hela nzuri tu huko.

Najua kuna atakayesema, "Dada, mimi ni muuzaji, siyo mwalimu." Sawa. Ila soma hadi mwisho ndiyo tubishane.

Kwanza tujue tunauza nini

Neno sauna limetoka Finland. Kule sauna ni chumba cha mbao chenye jiko la mawe ya moto, na joto lake mara nyingi linakuwa nyuzi 80 hadi 100. Ni mila yao kubwa, mpaka mwaka 2020 UNESCO iliiweka kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu. Hema letu la mvuke halifiki kwenye joto hilo, na halitakiwi kufika, maana mvuke unyevu unachoma mwili haraka kuliko hewa kavu. Kwa hiyo acha kuandika "sauna ya Finland" kwenye tangazo lako.

Mteja wetu hahitaji kuelezwa habari za Finland hata hivyo. Anaijua nyungu. Bibi yake alijifukiza, mama yake alijifukiza, na mwaka 2020 wakati wa korona karibu kila mtaa ulinukia mkaratusi na mchaichai. (Na mvuke haukuwa tiba ya korona, tusirudi huko.) Anajua pia hatari yake: sufuria la maji yanayochemka katikati ya miguu, blanketi juu, giza ndani, ukiteleza kidogo umeungua.

Hapo ndipo bidhaa yako ina faida ya kweli. Sauna ya hema ni nyungu ambayo maji yanayochemka yako nje. Kichwa kinabaki nje, unapumua hewa ya kawaida, na joto unalipunguza kwa rimoti. Sema hivyo tu. Ni kweli, inaeleweka, na haihitaji picha ya tumbo la kabla na baada.

Kuhusu "inakata tumbo"

Hapa nitakuwa mkali kidogo, mnisamehe.

Tangazo la kwamba sauna inayeyusha mafuta ndilo linalouza haraka, na ndilo linalokuletea ugomvi wiki ya tatu. Kinachotoka pale ni jasho, na jasho ni maji na chumvi. Mteja akijipima kabla na baada anaweza kuona mzani umeshuka nusu kilo. Akinywa nusu lita ya maji, nusu kilo imerudi. Lita moja ya maji ni kilo moja, hesabu ya darasa la nne.

Na lile la "kutoa sumu mwilini" pia liache. Kazi hiyo inafanywa na ini na figo.

Sasa fikiria. Umemwambia dada wa watu atapungua kilo tano kwa mwezi. Amejibana, amelipa. Mwezi umeisha, tumbo lipo palepale. Hatakwambia "nilitarajia makubwa". Atakuandika kwenye komenti kuwa wewe ni tapeli, na watu mia watasoma kabla hujafuta.

Kuna upande wa sheria pia. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji. Na ukianza kuandika kwamba kifaa chako kinatibu presha, kisukari au uzazi, umejiingiza kwenye mambo ya dawa na vifaa tiba, ambayo yana msimamizi wake, TMDA. Kwa faida ya sauna mbili tatu, kweli unataka kesi hiyo?

Uza ukweli: unatoka jasho, misuli iliyokaza inalegea, unajisikia mwepesi, unalala vizuri baada ya siku ngumu. Kwa mtu aliyeshinda amesimama dukani au ameendesha bodaboda kutwa, hayo yanatosha kumfanya alipe.

Kabla mzigo haujatoka kwako

Mzigo wa China ukifika, fungua kila boksi. Kila moja, siyo la juu tu. Hesabu vitu: hema, vyuma vya fremu na viungio vyake, mashine ya mvuke, mpira wa mvuke, kiti cha kukunja, mkeka wa miguuni, rimoti. Kiungio kimoja kikikosekana hema halisimami, na mteja wa Mbeya hawezi kukipata mtaani kwake.

Geuza mashine usome kibandiko. Kama kimeandikwa volti 110 peke yake, usiuze. Umeme wetu ni volti 230. Mashine ya 110 ukiichomeka hapa inavuta zaidi ya mara nne ya nguvu iliyotengenezewa. Haitachukua muda kabla hujanusa moshi.

Angalia plagi. Nyingi zinakuja na plagi ya kwao, halafu muuzaji anaongeza adapta ya bei ndogo. Adapta hizo hulegea, zikilegea zinapata moto, na kifaa hiki kinakaa na maji. Mpe fundi umeme abadilishe, aweke plagi ya pini tatu yenye fyuzi, na ahakikishe waya wa ethi umeungwa. Gharama hiyo weka kwenye bei. Mteja hawezi kuiona kwenye picha, kwa hiyo mwambie: "Hii tumeshabadilisha plagi, imepimwa." Utashangaa jinsi sentensi hiyo inavyouza.

Kisha iwashe. Weka maji, subiri mvuke utoke, iache itoe mvuke dakika kumi na tano huku ukirekodi video fupi. Angalia kama kifuniko kinavuja na kama inajizima muda ukiisha. Ikipoa mwaga maji, ikaushe, ndiyo ufungashe. Video hiyo ndiyo ushahidi wako siku mteja akisema ilifika imekufa.

Mfundishe kuisimamisha

Karatasi ya kwenye boksi ina Kichina na Kiingereza cha kubahatisha. Andika yako kwa Kiswahili, ukurasa mmoja. Yangu ina mambo haya.

1. Sehemu. Sakafu iwe tambarare, ya vigae au saruji. Siyo juu ya zulia, siyo juu ya godoro, siyo bafuni ambako maji ya kuoga yatarukia mashine. Chumba kiwe na hewa. Mlango usifungwe kwa ufunguo, na mtu mwingine awepo nyumbani.

2. Mashine inakaa NJE ya hema. Iandike kwa herufi kubwa. Wapo wanaoiingiza ndani ili "joto lisipotee". Akifanya hivyo amerudi kwenye nyungu ya bibi, tena hii ina waya wa umeme.

3. Mpira wa mvuke usikunjike wala usining'inie katikati. Hili ndilo watu wengi hawalijui. Mpira ukibonyea, mvuke unapoa pale na kugeuka maji, maji yanaziba njia. Utasikia mashine inagugumia, halafu inatema maji ya moto ndani ya hema au inavuja kwenye kifuniko. Mteja anakupigia: "Mashine yako mbovu." Mwambie anyooshe mpira, nusu ya malalamiko inaishia hapo.

4. Mdomo wa mpira ndani ya hema uwe na kile kikinga chake, na miguu ikae mbali nao. Asiufunike kwa taulo kuziba mvuke.

5. Maji yawekwe kabla ya kuchomeka. Yasizidi mstari wa juu, maana yakizidi yanachemka na kutemwa kupitia mpira. Yasipungue mstari wa chini, mashine isije ikawaka kavu. Maji yakiisha katikati, azime, achomoe, asubiri ipoe ndiyo afungue. Kifuniko kikifunguliwa cha moto, mvuke unakupiga usoni.

6. Soketi ni ya ukutani. Mashine ya wati 1,000 inavuta ampea 4 na kitu, ya wati 1,500 ampea 6 na nusu. Soketi nzuri ya ukutani ya ampea 13 inabeba bila wasiwasi. Ile ekstensheni nyembamba yenye friji na pasi juu yake haibebi. Mikono iwe mikavu wakati wa kuchomeka na kuchomoa.

7. Asubiri. Lita 2 za maji kwenye mashine ya wati 1,000 zinahitaji kama dakika kumi kuanza kuchemka. Mteja asiyejua hili anakaa ndani dakika tatu, anatoka, anakupigia. Kama umeme wa kwao ni mdogo jioni, atasubiri zaidi: volti zikishuka hadi 180, mashine inatoa kama asilimia 60 tu ya nguvu yake. Mwambie ajaribu asubuhi kabla ya kusema imekufa.

8. Kukaa ndani. Siku ya kwanza dakika kumi tu. Akizoea, kumi na tano, isizidi ishirini. Anywe maji kabla na baada. Asiingie amelewa wala ametoka kushiba. Akisikia kizunguzungu au moyo unakwenda mbio, afungue zipu atoke, ainuke polepole. Ajaribu kufungua zipu kutokea ndani kabla hajawasha chochote.

Swali la "inakula umeme?" litakuja, usilikwepe. Mashine ya wati 1,000 ikiwaka dakika 40 inatumia kama theluthi mbili ya uniti. Kwa tarifa ya kawaida, ambayo shilingi elfu moja inaleta karibu uniti 2.8, hiyo ni chini ya shilingi 250 kwa mara moja. Mteja akipewa hesabu hiyo hana tena swali.

Nani usimuuzie leo

Hapa ndipo penye uzito kuliko kote, na hapa ndipo wengi tunajifanya hatukuona.

Mteja mmoja aliniandikia inboksi: "Dada, nataka ile ya mvuke nimpelekee mama kijijini, ana presha inamsumbua, nasikia inashusha." Hela alikuwa nayo mkononi, aliomba lipa namba. Nilimjibu, "Kaka, mpeleke mama kwanza kwa daktari wake, umuulize kama anaruhusiwa kukaa kwenye joto. Akiruhusu, njoo nikuuzie na nitakueleza namna ya kumkalisha." Alikaa kimya siku nne. Aliporudi aliniambia daktari amekataa. Sikuuza sauna. Ila tangu hapo amenunua kwangu blenda, feni na pazia, na kanitumia dada zake wawili.

Mjamzito asiingie. Mtoto asiingie. Mwenye homa asiingie, mwili wake tayari una joto. Mwenye presha, ugonjwa wa moyo au figo, au anayetumia dawa za kila siku, amuulize daktari kwanza. Mwenye kisukari ambaye miguu imekufa ganzi ana hatari ya pekee: anaweza kuungua na mvuke bila kusikia. Mama aliyejifungua juzi naye, hata kama kwao ni mila kukandwa na kujifukiza, aulize kliniki kwanza, hasa kama ana mshono.

Maneno haya yaandike kwenye posti yako, siyo kwenye karatasi ya ndani ya boksi peke yake. Mtu ayasome kabla ya kulipa.

"Atakimbia!" Wengine watakimbia, ndiyo. Wale wanaokimbia kwa sababu hiyo ndio hasa hutaki wawe na bidhaa yako. Mtu akizimia ndani ya hema ulilomuuzia, hakuna faida itakayolipa usiku utakaoupitia.

Matunzo, hapa ndipo pesa yako ya kesho ilipo

Mteja anayeitunza sauna yake anaitumia. Anayeitumia, majirani wanaiona. Ukimfundisha matunzo umeajiri mtangazaji usiyemlipa.

Kila akimaliza: achomoe, aache mashine ipoe, amwage maji yote. Maji yasilale ndani. Mpira aunyanyue maji yatiririke, kisha autundike. Hema alifute ndani kwa kitambaa kikavu na kuliacha wazi hadi likauke kabisa, saa kadhaa. Kulikunja bichi ni kuliua. Kwa hewa ya Dar, Tanga au Unguja, na hasa masika, Machi hadi Mei, hema lililokunjwa na unyevu linaota madoa meusi ya ukungu na harufu ambayo haitoki. Mteja atasema umemuuzia mtumba.

Kila wiki: kitambaa chenye sabuni kidogo ya maji, afute ndani, afute tena kwa maji safi, akaushe. Asitumie jiki kwenye hema. Inakula kitambaa, na mabaki yake yakipata joto anayavuta yeye.

Maji: hapa naomba mnisikilize vizuri watu wa visima. Maji ya chumvi ya visima vya Dar, na maji magumu ya Dodoma, yanaacha ukoko mweupe ndani ya mashine, uleule unaouona kwenye birika la umeme. Ukoko ukiwa mnene mashine inachelewa kuchemsha, inakula umeme zaidi, na mwisho inaungua. Mama mmoja wa Dodoma aliyenunua kwingine aliniomba msaada, akasema mashine imekufa baada ya miezi miwili. Nikamwambia, "Mama, nipigie picha ndani." Kulikuwa kweupe kama chokaa. Tukaisafisha kwa simu, yeye kule mimi huku, ikarudi kutoa mvuke vizuri.

Namna yenyewe: mashine ikiwa imepoa na imechomolewa, mimina siki nyeupe na maji, nusu kwa nusu, hadi yafunike ukoko. Acha kama saa moja. Sugua taratibu kwa kitambaa au brashi laini, siyo steeliwaya. Mwaga, suuza mara mbili. Ukoko ukiwa sugu, rudia. Kwa anayetumia maji ya kisima, afanye hivyo kila baada ya matumizi kama kumi. Akipata maji ya mvua aliyokinga vizuri, atumie hayo, hayana chumvi.

Onyo moja: siki na jiki visikutane kamwe. Vikichanganywa vinatoa hewa ya sumu. Liandike hilo kwenye karatasi yako hata kama unadhani kila mtu analijua.

Ndani ya maji ya mashine hakuna kuweka kitu. Hakuna mafuta ya mkaratusi, hakuna dawa ya mafua ya kupaka, hakuna majani, hakuna chumvi. Mafuta yanatoa povu na kuharibu mpira, majani yanaziba njia. Kama mashine ina kikasha cha majani, mchaichai unakaa humo. Kama haina, basi harufu aikose, au aweke majani kwenye bakuli chumbani.

Zipu ndiyo inayokufa mapema. Isuguliwe kwa mshumaa mkavu mara moja moja, itateleza. Mpira wa kwenye kifuniko uangaliwe, ukipasuka mvuke unatokea pembeni.

Hapo umeona biashara nyingine? Siki, taulo, mpira wa akiba, mpira wa kifuniko, kiti cha akiba. Ukiagiza mzigo, mwombe muuzaji wa China akutumie vipuri vichache kwenye boksi hilohilo. Mteja wa sauna anaweza kununua kwako vitu vidogo mwaka mzima, ikiwa anajua vipo na anajua kwa nini anavihitaji.

"Muda huo wote nautoa wapi?"

Tupige hesabu ya mfano. Tuseme faida yako kwenye sauna moja ni shilingi 40,000. Umeituma Mbeya kwa basi. Mteja hajui kunyoosha mpira, anasema mbovu, anairudisha. Nauli ya mzigo kwenda, nauli kurudi, bodaboda ya kuufuata stendi, boksi limechanika huwezi kuliuza kama jipya, na hela yake umrudishie. Faida ya ile moja imekwisha, na ya nyingine imeanza kuliwa.

Sasa linganisha. Karatasi moja ya Kiswahili unaiandika mara moja, unatoa kopi. Video ya dakika tatu ya kusimamisha hema unairekodi mara moja, unaituma kwa kila mteja. Sauti ya WhatsApp siku mzigo unapofika, dakika mbili. Siku ya tatu unauliza, "Mama, umeshaijaribu? Mpira umeunyoosha?" Baada ya wiki mbili unauliza kuhusu ukoko na ukungu. Ukijumlisha yote, hata nusu saa haifiki kwa mteja mmoja.

Najua pia kuna mwenzako anauza chini yako kwa elfu ishirini. Mwache. Hawezi kupokea simu saa mbili usiku mashine inapogugumia. Bei yako ina plagi iliyobadilishwa, ina majaribio, ina karatasi, ina mtu. Sema hivyo waziwazi kwenye posti. Wanaotaka bei ndogo peke yake wataenda kwake, na baadhi yao watarudi kwako kununua mpira.

Halafu, kaa ndani mwenyewe. Isimamishe nyumbani kwako, itumie mara tano, ikaushe mara tano, isafishe ukoko kwa mikono yako. Mteja akiuliza kitu utajibu kama mtu aliyekiona, siyo kama mtu aliyesoma boksi. Mimi naamini muuzaji asiyewahi kukaa ndani ya hema lake hana haki ya kumwambia mama wa watu akae.

Kwa hiyo wiki hii, kabla hujaposti sauna nyingine, fanya matatu: fungua boksi moja ulijaribu, andika karatasi yako ya Kiswahili, na wapigie wateja watatu wa zamani uwaulize kama bado wanaitumia. Majibu yao yatakwambia kama unafanya biashara au unapitisha mizigo tu.

Hifadhi posti hii, mtumie mwenzako anayeuza hizi mashine. Na kama una njia yako ya kumfundisha mteja inayofanya kazi vizuri, iandike hapo chini kwenye komenti, tujifunze wote.

Biashara njema.